Alifu Iliyozidi

*Dameski, 5 Jumada ya Pili, mwaka 645*

Kwa mdogo wangu Jauhara,

Nakusalimu wewe, na Baba, na Shangazi Sabiha, na kila anayeniulizia. Hata asiyeniulizia mpe salamu yake, asije akasema Thabiti amekuwa mtu wa Sham na kusahau kwao Mosul. Sisi tu wazima. Mke wangu Nuriya anawasalimu. Mtoto ameota meno mawili, na ameyajaribu kwenye kidole cha Ustadh Ghalibu, mkuu wa karakana yetu. Ustadh alisema mtoto wa fundi kazaliwa na koleo mdomoni. Tini zimekwisha sokoni. Zilikuwa tamu, ila za Sinjari ni za Sinjari.

Sehemu inayofuata usiisome kwa sauti. Najua kila barua yangu unaisomea nyumba nzima, na Shangazi hukaa karibu na mlango ili jirani naye apate sehemu yake. Ukifika hapa kohoa, sema barua imekwisha.

Lile beseni la Baba limekuja hapa.

Wewe hulikumbuki, maana liliuzwa ukiwa mchanga wa kubebwa. Ni lile alilolitengeneza mwaka uliozaliwa, mwaka aliokufa Mama. Ukingoni lina ukanda wa dua ya kumwombea mwenye chombo utukufu, ushindi na kudumu. Herufi zake ni za fedha iliyotiwa njumu, yaani kupachikwa ndani ya shaba, na kila herufi ndefu inaishia juu kwa uso wa mtu, kana kwamba dua yenyewe ni watu waliosimama wakikutazama. Umesikia kwa Shangazi kwamba Mama yumo kati ya nyuso hizo. Nami nilisikia hivyo hivyo.

Amiri mmoja amelinunua na anataka kuliweka wakfu katika madrasa aliyoijenga, wanafunzi watilie udhu. Mwanachuoni wake ameshauri nyuso zitolewe kwanza, na liwe tayari kabla ya Ramadhani. Ustadh Ghalibu aliligeuza kitako juu akasoma jina la Baba, kisha akalisukuma upande wangu. Akasema hakuna anayejua fedha ile imekaaje kuliko mimi, kwa hiyo kazi ni yangu.

Bado sijaligusa. Baba asijue. Tayari kuna maneno mengi ambayo mimi na yeye hatujaambiana, sitaki kuongeza.

Kaka yako,
Thabiti

*Mosul, 9 Rajabu*

Kwa kaka yangu mpendwa Thabiti,

Salamu za amani na rehema zikukute wewe na wifi Nuriya na mwenye meno mawili. Hapa sote tu wazima. Baba anakohoa asubuhi kwa moshi wa tanuri, lakini anakula vizuri. Shangazi amegombana na mwuza mizizi ya shalgamu na sasa tunanunua shalgamu mtaa wa pili, ambako ni mbaya zaidi, lakini hatakubali. Mwalimu wetu Bi Takia ameniruhusu kutumia kalamu nene. Katika darasa letu ni mimi na msichana mmoja tu tulioruhusiwa. Ananiambia mkono wangu umetulia, ila moyo wangu unatangulia mbele ya mstari.

Nilikohoa kama ulivyoniagiza, lakini nilikohoa vibaya. Shangazi akasema, "Kikohozi gani hicho, kinaingia katikati ya sentensi?" Nikasema barua imekwisha. Akasema hajaona barua ya Thabiti inayoishia kwenye tini. Baba alikuwa ananoa tindo. Hakuinua kichwa, ila aliendelea kunoa muda mrefu kuliko tindo lilivyohitaji.

Kaka, Bi Takia anatufundisha kwamba ombi huwekwa mwisho wa barua, baada ya kumsifu unayemwomba. Nisamehe, siwezi kungoja. Tafadhali usizitoe nyuso.

Nina miaka kumi na mitatu na sijui mama yangu alikuwa na uso gani. Nikiuliza, naambiwa alikuwa mzuri, alikuwa mpole. Hayo husemwa juu ya kila marehemu. Shangazi akibanwa hulia, nami huacha kumbana. Baba nilimjaribu kwa kuzunguka. Nilimwuliza, fundi anapotia njumu herufi zenye watu, anachora uso gani? Akasema, "Uso ni uso," kisha akatoka kwenda kutafuta makaa, na makaa yalikuwapo.

Tangu nianze kujua maneno nimekuwa nikijiambia kwamba mahali fulani duniani lipo beseni, na nikiliona nitamwona. Niliwaza huenda nikaolewa mji ambako beseni lipo. Usicheke.

Ikiwa hakuna njia nyingine, basi tafuta kwanza ni uso upi. Wewe ulikuwa na miaka tisa alipofariki, utamjua. Mtazame vizuri kwa ajili yangu, kisha niandikie alivyo, kila kitu, hata kama ni kirefu. Nami nitaamini kila utakaloandika.

Mdogo wako,
Jauhara

*Dameski, 12 Rajabu*

Jauhara,

Salamu kwa wote. Barua yako bado haijafika, nami sina muda wa kuingoja, kwa hiyo hii itapishana nayo njiani. Mtoto ana homa ya meno. Nuriya halali, na mimi silali kwa sababu yeye halali.

Nilimwambia Ustadh Ghalibu ampe mtu mwingine kazi ile. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alimwita Shibli, yule wa Halabu anayekwangua vyombo kama anayeparua samaki, akamwambia asimame karibu na tupa lake. Kisha akaniambia, "Nyuso zitatoka, Thabiti. Chagua mkono tu." Shibli akanikonyeza. Alisema yeye uso mmoja humaliza kabla sijapiga bismillahi.

Nikalichukua beseni.

Nimelitazama lote. Upande mmoja yupo mpanda farasi, upande mwingine mpiga zumari, na hao wataachwa maana wana miili midogo na mwanachuoni hakuwalalamikia. Shida yake ni ukanda wa maandishi, kwa kuwa ni dua, na hataki dua iwe na macho.

Sasa nakueleza jambo ambalo Mosul nzima inalijua isipokuwa wewe. Katika neno la kudumu, Baba aliweka alifu mbili, ile herufi iliyosimama kama fimbo, badala ya moja. Yeye, fundi Masudi, ambaye hajawahi kukosea herufi, ambaye hupeleka maandishi yake yakaguliwe na walimu kabla ya kugusa shaba! Soko lilicheka. Watoto waliniimbia njiani: mwana wa alifu mbili, tuazime moja. Baba hakujitetea na hakuirekebisha. Mimi nilijua kwa nini. Nilijua tangu nikiwa mtoto kwamba ile alifu iliyozidi haikuwa kosa. Aliongeza herufi moja isiyohitajiwa na dua, ili ampe Mama mahali pa kusimama.

Kesho naanza upande ulio mbali naye.

Thabiti

*Mosul, 14 Shabani*

Kwa kaka yangu Thabiti,

Salamu. Mungu amponye mtoto. Shangazi anasema msugueni ufizi kwa asali na msimsikilize daktari yeyote wa Sham. Sisi wazima. Mvua imebomoa ukuta wa uani.

Barua yako imefika, na imeniambia kwamba umeanza. Kwa hiyo ninapoandika hapa huenda umekwisha maliza, na ninamwomba mtu asitende jambo alilolitenda. Watu wa misafara wanasema mto Frati umefurika na mizigo imekwama ng'ambo. Labda barua yangu ya kwanza imo katika mizigo hiyo, imekaa ukingoni pamoja na zabibu kavu za watu.

Nimekukasirikia, Kaka. Naliandika hili kwa adabu lakini naliandika. Ungeweza kuniambia habari ya alifu zamani. Ningekuwa angalau na herufi.

Jana darasani tulipewa kuandika dua ile ile, utukufu na ushindi na kudumu. Nilipofika neno la kudumu, mkono wangu uliandika alifu mbili. Sikukusudia, au labda nilikusudia. Bi Takia alisimama nyuma yangu, akasema, "Jauhara, moja inatosha." Nilisema najua. Akasema, "Kama unajua, futa." Sikufuta. Alinitazama, kisha akakigeuza kibao changu uso chini, akaenda kwa msichana mwingine. Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu.

Ahadi yangu kwako ya kutomwambia Baba imekuwa kaa la moto mkononi. Kila nikimpelekea chakula naona jinsi anavyoinama juu ya kazi, nafikiri, Baba, wanakwangua sasa hivi. Shangazi amejua kuna kitu. Ameniambia, bila mimi kuuliza, kwamba siku uliyoondoka nyumbani ulimwuliza Baba neno moja mara tatu na mara zote tatu akanyamaza, nawe ukachukua nyundo zako. Hakuniambia uliuliza nini. Sasa nadhani najua.

Nimeweka ahadi hadi sasa. Sijui nitaweza hadi lini.

Jauhara

*Dameski, 27 Shabani*

Kwa mdogo wangu Jauhara,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Homa ya mtoto imeshuka, jino la tatu limetoka.

Barua yako ya Rajabu imefika juzi, imelowa, wino umekimbia pembeni lakini unasomeka. Ilinikuta nimekwisha toa nyuso zote isipokuwa mmoja.

Nitakueleza kazi yenyewe, maana utataka kujua. Fedha ya Baba haitoki kwa kubanduliwa. Amechimba kingo za shaba kwa ndani, kama mtu anayeficha mkono chini ya mto, na bamba la fedha limeingia humo likashikwa. Inabidi uinue ukingo kidogo kidogo, utoe uso, kisha uweke bamba jipya mahali pake. Mwanachuoni alikubali majani, kwa hiyo niliweka majani. Kila penye uso pakawa na jani. Nilifanya upande wote ule, nikazunguka, nikafika kwenye neno la kudumu.

Hapo nilikaa siku kadhaa nikijifanya nanoa. Shibli aliuliza kama nangoja uso ushuke wenyewe.

Barua yako ilipofika niliisoma, nikaikunja, nikachimba shaba kuzunguka uso wa ile alifu ya pili bila kuugusa. Kisha nikalaza jani la fedha juu yake, nikazipiga kingo mpaka zikauma. Uso upo chini. Hauonekani, wala hautaonekana, lakini upo, na macho yake yako wazi.

Kasoro yake ni kwamba jani lile limeinuka kuliko mengine, unene wa ukucha tu. Jana mwanachuoni alikuja kukagua pamoja na Ustadh. Ni mzee mpole, huomba radhi hata kwa paka anapopita. Hakutazama sana, alipapasa. Dole gumba lake likatembea juu ya majani, likafika pale, likasimama. Likarudi. Likasimama tena.

"Hapa pamevimba," akasema.

Ustadh Ghalibu alinitazama. Alikuwa anajua, Jauhara. Mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote haoni bamba juu ya bamba? Angesema neno moja ningekuwa njiani na mke na mtoto aliyetoka kwenye homa.

Nikasema, "Ni penye kosa, sheikh. Fundi alizidisha alifu, ndipo shaba ikakaa vibaya."

Mzee akasoma kwa kidole, akahesabu herufi, akacheka. Akasema watu wa Mosul hata makosa yao huyapamba. Akaomba dua kwa ajili ya aliyelitengeneza, akaondoka. Ustadh alifunika beseni kwa kitambaa, akasema, "Nenda nyumbani, ukalale."

Sasa ombi lako, kwamba nimtazame na kukuandikia alivyo. Nilimtazama kabla ya kumfunika. Jauhara, uso ule haukuwa na tofauti na nyuso nyingine. Nilitafuta. Nilileta taa karibu mpaka fedha ikapata moto. Nilikuwa na miaka tisa, naikumbuka mikono yake akikanda unga wa kubba za nyama, nakumbuka alivyokuwa akiniita. Uso umenitoka. Umenitoka zamani, nami sikumwambia mtu. Ndiyo maana siku ile nilimwuliza Baba ni uso upi, nikauliza tena na tena, kwa sababu nilihisi unaondoka, naye hakunijibu.

Kwa hiyo nimemhifadhi mtu nisiyeweza kukuambia alivyo. Nisamehe.

Sasa unaweza kumwambia Baba. Akikasirika, mwambie hasira aitume huku.

Thabiti

*Mosul, 10 Shawali*

Kwa kaka yangu mpendwa Thabiti, na wifi, na mtoto wa meno matatu,

Salamu nyingi, na Mungu aipokee funga yenu. Idi yetu ilikuwa njema. Shangazi amepatana na mwuza shalgamu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyeomba msamaha. Ukuta umejengwa.

Barua yako ilifika siku za mwisho za funga. Niliiweka mpaka Idi ipite, kwa kuwa sikutaka kumharibia Baba. Jana mchana nilimpelekea kubba karakanani, nikamwomba aweke tindo chini. Shangazi alinifuata, akakaa mlangoni kama kawaida yake. Nikasoma barua zako zote tangu ya kwanza, na safari hii sikukohoa popote.

Baba alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza, akanitaka nirudie penye jani. Nikarudia. Neno lake la kwanza, Kaka, lilikuwa hili: "Mwulize kingo alizipiga kwa nyundo ya chuma au ya mbao. Akipiga kwa chuma, ukingo utapasuka baridi ikija." Kwa hiyo tafadhali mjibu. Ni yeye aliyeuliza, nami naandika kama alivyosema.

Kisha akanyoosha mkono kulichukua tena tindo. Shangazi akasema, "Masudi, mtoto amesoma mpaka sauti imekauka. Sema kitu."

Akasema, "Ile alifu haikuwa kitu. Ilikuwa kosa."

Akasimulia kwamba siku niliyozaliwa, wanawake walikuwa ndani na Mama, na yeye Baba alikuwa hapa karakanani akifanya kazi ili mikono isikae bure. Alikuwa kwenye neno la kudumu. Alinisikia nikilia, akafurahi, akainamia kazi. Kisha akasikia kilio kingine, cha watu wazima. Tindo likakata alifu pale ambapo alifu ilikwisha katwa. Anasema aliliharibu neno la kudumu, na saa ile ile Mama hakudumu, na tangu hapo hakuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Hakuthubutu kulirekebisha beseni wala kuliyeyusha. Akaliuza. Wewe ulipomwuliza ni uso upi, alidhani unamwuliza juu ya kosa.

Shangazi akaanza kulia na kugomba kwa pamoja. "Miaka kumi na mitatu umelibeba hili! Uhai uko mkononi mwa Mungu, tindo lako ni nani?"

"Najua, Sabiha," akasema. "Kujua najua."

Mimi sikulia wakati ule, kwa kuwa nilikuwa nashika swali langu. Nikamwuliza, kwa hiyo Mama hayumo katika beseni? Nikauliza kama wewe, Kaka, umemfunika mtu bure.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yana unyevu. "Hayumo vipi? Wote ni yeye. Kila fundi ana uso wake mmoja, mwanangu. Wangu ni ule."

Kaka, nilisimama nikaenda kwenye rafu. Palikuwa na kikasha cha kalamu ambacho kitapelekwa kwa mteja wiki ijayo. Mwanzoni mwa mwezi nilikipaka lami nyeusi mimi mwenyewe, nikaifuta kutoka kwenye fedha, kama ninavyofanya kila chombo tangu nikiwa na miaka saba. Kwenye kifuniko kuna watu watano wamekaa. Nilikuwa nimewafuta lami usoni kwa kidole changu, mmoja mmoja, na sikuwa nimewatazama.

Nilikaa nacho mpaka alasiri. Baba hakuniambia nikirudishe.

Ulipotoa zile nyuso ulikuwa ukimtoa yeye, nawe hukujua. Baba anasema usijisumbue kwa hilo, na chini ya jani anatosha mmoja. Anasema pia kwamba wewe alikufundisha uso kabla ya kukufundisha ua, na tangu utotoni mkono wako hauujui mwingine. Anakutaka uchukue kipande chochote cha shaba, usifikiri, uchore uso kama unavyochora kila siku huko Dameski, kisha ukae uutazame.

Nami natimiza lile ulilosema huwezi. Uso wake ni wa mviringo, mpana kidogo kwenye mashavu. Nyusi zinakaribia kukutana. Jicho la kushoto limekaa juu kidogo kuliko la kulia, na Baba anasema si kosa la tindo, ndivyo alivyokuwa. Mdomo ni mdogo na umebanwa upande mmoja, kama mtu anayezuia kucheka mbele ya wageni.

Ukichora na wako ukatoka hivyo, ndiye.

Mdogo wako,
Jauhara